Kabla ya Fomula, Uliza Kama Nafasi Ina Maana

Hotuba kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, Siku ya Kimataifa ya Hisabati, Machi 14

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi wanafunzi ambao leo ndio wenye shughuli: itifaki imezingatiwa. Nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumze kuhusu mipangilio na teuzi, mada ambayo wengi wenu mnaijua kwa alama mbili za kwenye kikokotoo, nPr na nCr. Nimeifundisha kwa miaka mingi, na kila mwaka nakutana na jambo lilelile. Mwanafunzi anasoma swali, anachomoa namba mbili, anazibonyeza kwenye kikokotoo, kisha ananyoosha mkono: "Mwalimu, hii ni P au ni C?" Swali hilo linakuja mwisho, na lilipaswa kuwa la kwanza. Jibu lake halimo kwenye fomula. Limo kwenye habari yenyewe unayoisoma: hawa watu, hivi vitu, vikibadilishana nafasi, je, kuna kilichobadilika? Kama kipo, unahesabu mipangilio, ndiyo P. Kama hakipo, unahesabu teuzi, ndiyo C. Mengine yote ni kuzidisha na kugawanya, na hayo mlifundishwa shule ya msingi.

Tuanze na ninyi wenyewe. Kila mmoja hapa ana tahasusi yake. Mwenye PCM anasoma fizikia, kemia na hisabati. Akisema anasoma MCP mtamshangaa kwa sababu ya mazoea tu. Masomo ni yaleyale, vitabu ni vilevile, na mtihani ni uleule. Kwa hiyo tahasusi ni uteuzi. Sasa chukua masomo matano: fizikia, kemia, baiolojia, jiografia na hisabati. Unaweza kuunda tahasusi ngapi za masomo matatu?

Nenda polepole. Somo la kwanza unaweza kulichagua kwa namna 5. Ukishalichukua, yamebaki 4, na baada ya hapo 3. Zidisha: 5 × 4 × 3 ni 60. Mwanafunzi mwenye haraka anaandika 60 na kufunga daftari. Lakini ndani ya hizo 60, PCM imeingia kama PCM, PMC, CPM, CMP, MPC na MCP. Imehesabiwa mara 6. Na si hiyo peke yake, kila kundi la masomo matatu limehesabiwa mara 6, kwa sababu vitu vitatu hupangika kwa namna 3 × 2 × 1. Gawanya 60 kwa 6 upate 10. Kati ya hizo 10, nne mnazijua vizuri: PCM, PCB, CBG na PGM. Hizo nyingine sita zinawezekana kwenye karatasi, lakini ili tahasusi ifundishwe lazima awepo mwalimu, iwepo maabara, na kiwepo chuo kitakachompokea mhitimu wake. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi mpya 49 juu ya 16 zilizokuwepo, zikawa 65. Hesabu inakuonyesha yanayowezekana. Kuchagua lipi lifanyike ni kazi ya watu.

Naomba mkumbuke tendo lile la kugawanya kwa 6. Ile r!, yaani r ikizidishwa kwa kila namba iliyo chini yake hadi 1, inayokaa chini ya mstari kwenye fomula ya uteuzi, wengi huikariri bila kujua imetoka wapi. Imetoka hapo. Tulihesabu kila kundi mara nyingi kuliko inavyostahili, sasa tunarudisha kilichozidi. Ukielewa hivyo, hata fomula ikikutoka kichwani katikati ya mtihani utaijenga upya mwenyewe.

Masomo hayohayo matatu yakiwekwa kwenye ratiba, la Jumatatu, la Jumanne na la Jumatano, basi nafasi ina maana. Anayefanya fizikia Jumatatu na anayeifanya Jumatano hawalali usiku mmoja wakijisomea. Hapo ratiba ni 6.

Sasa twende kwenye kikoba, maana wazazi wetu wengi wamo humo. Tuseme kikoba kina wanachama 30. Wanamchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Nafasi zina kazi tofauti, kwa hiyo ni mpangilio: 30 × 29 × 28, yaani namna 24,360. Kisha kuna sanduku la fedha. Mnalijua: lina kufuli tatu, na funguo zake hukabidhiwa wanachama watatu tofauti, ili asiwepo mtu mmoja wa kulifungua peke yake. Hao washika funguo wanaweza kupatikana kwa namna ngapi?

Hapa ndipo penye utamu, na darasani huwa naacha ubishi uendelee. Upande mmoja unasema 4,060, yaani 24,360 ugawanye kwa 6, kwa sababu wote watatu ni washika funguo tu. Upande wa pili unasema hapana, kufuli hazifanani. Moja ni kubwa, moja ni ya shaba, moja imeanza kushika kutu, na daftari la kikoba limeandika nani ana ufunguo wa ipi. Kwa hiyo ni 24,360. Nani yuko sahihi? Wote, kwa sababu wanajibu maswali mawili. Kama unataka kujua kurasa za daftari zinaweza kuandikwa kwa namna ngapi, nafasi ina maana. Kama unataka kujua ni akina nani watatu wanaoweza kukutana usiku na kulifungua sanduku bila wenzao kujua, nafasi haina maana yoyote. Watatu ni watatu, na idadi ya makundi ya kutiliwa shaka ni 4,060. Walimu wenzangu, tunapotunga maswali, tuseme wazi tunauliza lipi. Si haki kumnyima mtoto alama kwa swali ambalo sisi wenyewe hatukulimaliza.

Nibaki hapohapo kwenye kikoba, maana kuna mtego ambao umewaangusha wengi. Tuseme kati ya hao 30, wanawake ni 20 na wanaume ni 10. Kikundi kinasema: washika funguo wawe watatu, na angalau mmoja awe mwanamke. Makundi mangapi yanakidhi sharti hilo? Njia inayokuja haraka ni hii: mchague mwanamke mmoja kwanza, namna 20, ili sharti liwe limetimia. Kisha waliobaki ni 29, chagua wawili wowote, namna 406. Zidisha upate 8,120. Inaonekana safi kabisa. Lakini rudi nyuma: makundi yote ya watatu, bila sharti lolote, ni 4,060. Sharti limewekwa ili lipunguze, nasi tumepata mara mbili ya yote!

Kosa liko wapi? Chukua kundi lenye wanawake watatu: Asha, Rehema na Zuhura. Kwa njia ile, umempata Asha kama "yule mwanamke wa kwanza", ukaongeza Rehema na Zuhura. Kisha umempata Rehema kama wa kwanza, ukaongeza Asha na Zuhura. Kisha Zuhura. Kundi moja limehesabiwa mara tatu, na lenye wanawake wawili mara mbili. Kwa kumtenga mmoja na kumwita wa kwanza, umeingiza nafasi mahali ambapo haikuwepo. Njia iliyonyooka ni kuhesabu wasiotakiwa: makundi ya wanaume watupu ni 10 × 9 × 8 ugawanye kwa 6, yaani 120. Toa 120 kwenye 4,060, linabaki 3,940. Neno "angalau" likitokea kwenye swali, jaribu kwanza kuhesabu upande wa pili. Na kila ukipata jibu, lilinganishe na jumla ya yote kabla hujaliamini.

Mipangilio yenye vitu vinavyofanana nitaipita haraka, kwa kuwa ni wazo lilelile la kurudisha kilichozidi. Herufi za neno BARABARA ni nane. Zingekuwa tofauti zote, zingepangika kwa namna 40,320. Lakini A ziko nne, B mbili na R mbili, na A mbili zikibadilishana nafasi hakuna atakayeona. Gawanya kwa 24, kisha kwa 2, kisha kwa 2 tena. Zinabaki 420. Kadhalika watu sita wakizunguka sinia la biriani: kila mtu akisogea nafasi moja kulia, jirani zao ni walewale, kwa hiyo 720 inagawanywa kwa 6 na inabaki 120.

Kwenye dhumna nataka nikae zaidi. Wengi wenu mmekua mkiwaona babu na wajomba zenu barazani baada ya alasiri wakizipigiza mezani. Seti ya kawaida ina kete 28. Kwa nini 28? Kila kete ina pande mbili, na kila upande una namba kuanzia mtupu hadi sita, yaani namba saba. Kete ya tano na mbili ni ileile ya mbili na tano, unaigeuza tu. Nafasi haina maana, kwa hiyo jozi za namba mbili tofauti kati ya saba ni 7 × 6 ugawanye kwa 2, yaani 21. Ongeza zile saba zenye namba sawa pande zote mbili; tuziite pacha. Jumla 28. Aliyebuni seti hii hakuokoteza vipande. Kila jozi inayowezekana imo, na imo mara moja tu. Ndiyo maana mchezaji hodari, akiona kete saba zenye nne zimeshatoka au anazo mkononi, anajua kwa yakini kwamba hakuna nne nyingine kwa mtu yeyote. Hiyo si bahati wala uchawi wa wazee. Ni hesabu inayofanywa kichwani kwa kasi ambayo darasani tungeipigia makofi.

Wakicheza wanne, kila mmoja anapata kete 7. Mkono wako mmoja unaweza kuwa wowote kati ya 1,184,040. Uwezekano wa kukosa pacha kabisa? Unazichukua zote saba kutoka kwenye zile 21 zisizo pacha, namna 116,280. Gawanya kwa ile jumla, unapata karibu asilimia 9.8. Kwa hiyo takriban mara moja katika kila kugawa kumi, mkono wako hautakuwa na pacha hata mmoja. Kuzipata pacha zote saba ni mara moja tu katika hizo 1,184,040. Na kete zote zikigawanywa kwa watu wanne waliokaa mahali pao, migawanyo inayowezekana ni 472,518,347,558,400, yaani trilioni 472 na ushei. Wakicheza mgao mmoja kila dakika, mchana na usiku, bila kuurudia hata mmoja, watahitaji karibu miaka milioni 900 kuimaliza. Kila mkipita barazani mkasikia zile kete zinachanganywa, mjue kwamba mgao unaokuja, kwa uwezekano mkubwa sana, haujawahi kutokea kwenye baraza lolote.

Upande wa mpira mtanisamehe nikiwa mfupi, maana nikiachiwa hapa tutalala hapa. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16. Jozi za timu ni 120. Lakini ligi inachezwa nyumbani na ugenini, na kila shabiki wa Simba au Yanga anajua kwamba nani mwenyeji si jambo dogo. Kwa hiyo nafasi ina maana, na mechi ni 16 × 15, yaani 240.

Fainali za Mataifa ya Afrika zina jambo zuri zaidi, na kwa kuwa zile za 2027 tumepewa sisi, Kenya, Tanzania na Uganda, ni vyema tulijue. Timu 24 zinagawanywa makundi sita. Wawili wa juu wa kila kundi wanapita, wanakuwa 12, lakini hatua inayofuata inahitaji 16. Nafasi nne zilizobaki wanapewa washindi wa tatu wanne bora kati ya sita. Sasa mtu wa ratiba ana shida: lazima aseme mapema, kabla ya mpira kupigwa, mshindi wa tatu wa kundi fulani atakutana na nani. Hajui watakaofuzu ni kutoka makundi yapi. Afanyeje? Anahesabu. Kuchagua wanne wa kupita kati ya sita ni sawasawa na kuchagua wawili wa kurudi nyumbani, na hao wawili hupatikana kwa namna 6 × 5 ugawanye kwa 2, yaani 15. Kwa hiyo anaandika jedwali lenye mistari 15, kila mstari kwa hali moja. Kombe la Dunia la 2026, lenye timu 48 na makundi 12, linawapitisha washindi wa tatu wanane. Wanane kati ya 12 ni sawa na kuwachagua wanne wa kutolewa, namna 495. Na kwenye kanuni za mashindano hayo jedwali lipo, na hali zote 495 zimeandikwa. Mtu alikaa chini akazipanga moja moja ili asiwepo wa kulalamika kwamba kaonewa.

Sasa nazungumza nanyi kama mzazi. Namba ya siri ya fedha kwenye simu ina tarakimu nne. Kila nafasi ina namna 10, na tarakimu inaweza kujirudia, kwa hiyo namba zote ni 10,000. Mwizi mwenye kujaribu mara tatu tu kabla akaunti haijafungwa hana matumaini. Lakini wengi wetu tunaweka mwaka wa kuzaliwa. Kuanzia 1945 hadi 2007 kuna miaka 63 tu. Umechukua ukuta wa namba 10,000 ukaubomoa mwenyewe, ukabakisha 63, na anayekujua atapunguza zaidi. Nawaomba sana, leo mkirudi, waulizeni mama na bibi kama wamefanya hivyo, na muwasaidie kuibadilisha.

Na kuna hili, ambalo hata watu wazima huliona ni la ajabu. Chukua simu inayofunguliwa kwa tarakimu nne, na kioo kimeacha alama za vidole. Ukiona alama kwenye tarakimu nne tofauti, unajua zote zimetumika mara moja moja; kilichobaki ni mpangilio, namna 24. Ukiona alama kwenye tarakimu tatu tu, moja imejirudia. Hujui ni ipi: namna 3. Ukishaikisia, mipangilio ya tarakimu nne zenye mbili zinazofanana ni 24 ugawanye kwa 2, yaani 12. Tatu mara 12 ni 36. Tarakimu chache zaidi, kazi kubwa zaidi kwa mwizi! Nimeona mikono imenyooshwa pale nyuma. Ndiyo, nanyi mhesabu hali ya alama mbili. Jibu ni 14, lakini msiniamini mpaka mlipate wenyewe.

Linaloniuma ni mikeka. Vijana wetu, wengine wakiwa bado na sare za shule, wanatoa nauli na hela ya chakula kubeti. Mkeka wa mechi 13, kila mechi ikiwa na matokeo matatu, mwenyeji ashinde, sare, au mgeni ashinde, una namna 3 × 3 × 3, ukiendelea hivyo mara 13: 1,594,323. Tiketi ikiwa shilingi 1,000, kuzinunua namna zote ni zaidi ya shilingi bilioni 1.59. Mechi zikiwa 17, namna ni 129,140,163. Najua mtakachosema: "Mwalimu, matokeo hayana uzito sawa, mimi mpira naujua." Ni kweli, hayana uzito sawa, na hoja hiyo naiheshimu. Basi tukupe ujuzi mkubwa. Tuseme katika kila mechi kumi unapatia sita, jambo ambalo wachambuzi wengi wangelifurahia. Ili kupatia zote 13, zidisha 0.6 kwa yenyewe mara 13. Unapata karibu mara moja katika mikeka 766. Kwa mechi 17 ni karibu mara moja katika 5,900. Na huyo ni mjuzi. Mechi moja ikiongezwa inaonekana ni kitu kidogo kwenye karatasi, lakini inazidisha, haijumlishi. Anayetengeneza mkeka anaijua hesabu hii vizuri sana. Nataka nanyi muijue kama anavyoijua yeye.

Nimalizie na asili ya elimu hii, maana vitabu vyetu hufungua mlango kwa kumtaja Blaise Pascal wa Ufaransa, aliyeandika juu ya pembetatu ya namba mwaka 1654. Alikuwa mtu mkubwa, simwondolei heshima yake. Lakini miaka mia nne na zaidi kabla yake, hapa hapa Afrika, mjini Marrakesh, alikuwepo Ibn Mun'im, aliyefariki mwaka 1228. Alijiuliza hivi: una nyuzi za hariri za rangi kumi, unataka kutengeneza vishada vya rangi tatu tatu, utapata aina ngapi? Kwenye kishada rangi hazina wa kwanza wala wa pili, kwa hiyo ni uteuzi. Alihesabu hatua kwa hatua: vishada vyenye rangi ya kumi, kisha visivyo na ya kumi bali vyenye ya tisa, kisha ya nane, akijumlisha 36, 28, 21, 15, 10, 6, 3 na 1. Jumla 120. Ni 120 ileile ya wanaume watupu wa kikoba. Akaziweka namba hizo kwenye jedwali, na jedwali hilo ndilo ile pembetatu. Baada yake, mjini humohumo, Ibn al-Banna, aliyezaliwa mwaka 1256, akaonyesha njia ya kuzidisha na kugawanya tunayoitumia leo.

Nyuma zaidi, katika karne ya 8, kuna mtu ambaye washairi wa Kiswahili wana deni kwake: al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi. Alizaliwa Oman, akaishi Basra. Ndiye aliyeasisi elimu ya arudhi, ambayo jina lake tunalitumia mpaka leo tunapozungumzia kanuni za mashairi. Bahari za mashairi ya Kiarabu, yaani aina za mizani yake, alizipanga kwenye duara tano; unazunguka duara moja, ukianzia mahali tofauti unapata bahari tofauti. Alipotaka kuandika kamusi, hakuanza kwa kuokota maneno sokoni. Alihesabu kwanza. Herufi za Kiarabu ni 28, na maneno yake hujengwa juu ya herufi chache za msingi, yaani mzizi. Mizizi ya herufi mbili tofauti ni 28 × 27, yaani 756. Ya herufi tatu ni 19,656. Ya nne ni 491,400, na ya tano ni 11,793,600. Jumla inayonasibishwa kwake ni 12,305,412. Kisha kwenye kamusi yake, Kitab al-Ayn, kila mkusanyiko wa herufi tatu uliwekwa mahali pamoja na mipangilio yake sita, na kwa kila mpangilio ikasemwa kama Waarabu wanautumia au wameuacha. Ile k, t na b iliyotupa kitabu, katibu na maktaba imekaa pamoja na mipangilio mingine mitano ya herufi hizohizo. Kwa njia hiyo hakuna neno lingeweza kumponyoka kwa kusahauliwa.

Kiswahili bado hakijafanyiwa hivyo na ninyi, kwa hiyo nawaachia kazi ya likizo. Chukueni konsonanti nne tu: k, l, p na t. Chukueni irabu zetu tano. Undeni maneno ya silabi mbili, konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, na kurudia kunaruhusiwa. Silabi ya kwanza ina namna 20, ya pili namna 20, jumla maneno 400. Zipangeni zote kwenye jedwali la mistari 20 na safu 20. Kisha kaeni na kamusi mtie alama kila neno lililo hai: kaka, kata, kiti, kopo, kuku, lala, lipa, lulu, paka, pete, pipa, popo, tatu, teka, toka, tupa. Mtashangaa mahali palipojaa na mahali palipo patupu. Jedwali likikamilika lipelekeni kwa mwalimu wa hisabati na mwalimu wa Kiswahili, wote wawili kwa pamoja, walisahihishe wakiwa meza moja.

Asanteni sana. Sasa niko tayari kwa maswali, na aanze yule wa nyuma aliyekuwa akihesabu alama mbili.